Kabla ya kubadilisha bwati otomatiki, uliza ni nini iliyoiua



Siku hizi mudogo wetu mumoja anayesoma ku Lubumbashi aliniandikia. Yeye na yaya yake walinunua Toyota Mark II ya zamani, ile ya miaka ya 1996 mupaka 2000, yenye motere 1JZ-GTE: lita 2,5, silinda sita mu mustari mumoja, turbo, farasi 280 ku karatasi. Gari ya raha, gari ya mbio. Lakini bwati yake otomatiki imeanza kuteleza. Motere inapiga kelele, gari haiendi. Swali lake: «Yaya, tuiongezee nguvu bwati hii, ao tuitoe tuweke ya mukono?»

Aliniuliza mimi sababu alisikia ya kama sisi watu wa Nyangwe tulibadilisha bwati mara mbili mu gari moja. Ni kweli. Na mara ya kwanza tulibadilisha bila akili, na mimi ndiye niliyetia sahihi. Basi naandika jibu hapa ili lisaidie na wengine, juu najua wengi wenu mukipata kazi ya kwanza, kitu cha kwanza munatafuta ni gari ya okazio.

Niseme mapema: mimi ni agronomi, nina licence ya kilimo, si mekanisie. Ninayoandika nimeyafunzwa na mafundi, na vitabu vya Toyota, na hasara.

1. Gari yetu na hasara yetu

Tulikuwa vijana watano na mama saba wanaolima mupunga pale Nyangwe. Soko ya Nyangwe ni ya zamani sana, Livingstone aliikuta imejaa watu mwaka 1871. Lakini leo bei ya muchele iko Kasongo. Mutu asiye na namna ya kufika Kasongo anauzisha kwa mwenye pikipiki kwa bei ya mwenye pikipiki. Tukachanga, tukanunua Hilux Surf ya mwaka 1997, motere 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye turbo, bwati otomatiki. Ilitoka Japani, ikapita Dar es Salaam, Kigoma, Uvira, kiisha Fizi, Lulimba na Kabambare mupaka kwetu.

Musimu wa kwanza ilifanya kazi vizuri. Kabla ya musimu wa pili, radiatere ikatoboka. Garaje moja ikatuwekea ingine ya okazio, bei ya chini. Tukashukuru. Kisha miezi tatu, bwati ikaanza kuchelewa: unaweka D, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo gari inashika. Harufu ya kuungua. Mwisho ikakataa kabisa kupanda kilima.

Garaje ikasema: bwati imekufa, nunueni ingine. Mimi nilikuwa mutunza feza. Shofere wetu, mutu asiye na diplome, aliniambia: «Shefu, ingekuwa vizuri tujue kwanza ilikufa na nini.» Nilimujibu ya kama gari ni nzee, bwati ni nzee, vitu vizee vinakufa. Tukatoa dola 700 kwa bwati ingine otomatiki ya okazio.

Ilidumu wiki saba. Ilikufa mu matope, katikati ya njia, na gunia 22 za muchele mugongoni. Mvua ilinyesha usiku mbili. Muchele uliloa, gunia nyingi zikaota ukungu. Ile muchele ilikuwa minervale ya watoto.

Fundi muzee mumoja alitoka Kasongo na pikipiki kutuokoa. Hakufungua bwati. Alilala chini ya gari, akaangalia mbele kidogo, akaniuliza swali moja tu: «Mwanangu, mafuta ya bwati hii inapoa wapi?»

Sikuwa na jibu. Akaninyooshea kidole. Mu gari ya otomatiki, tiyo mbili ndogo za chuma zinatoka ku bwati, zinaenda mu radiatere. Ndani ya radiatere, upande wa chini, kuna kipoza-mafuta. Mafuta ya moto yanaingia, maji yanayapoza, yanarudi. Radiatere tuliyowekewa ilikuwa ya gari ya bwati ya mukono. Haina kipoza-mafuta. Garaje haikujua pa kufunga zile tiyo mbili, ikaziunganisha pamoja na kipande cha mupira wa urefu wa kiganja. Mafuta yalitoka mu bwati yakarudi mu bwati, ya moto vilevile.

Bwati mbili, gunia 22, kwa kipande cha mupira.

Haya yaliniuma zaidi sababu ya kazi yangu. Kila siku ninafundisha walimaji: kama muhogo uko na mozaiki, usikate miti ya shamba lile lile kupanda upya, juu unapanda ugonjwa wako mwenyewe. Tafuta kwanza chanzo. Na mimi nilipanda bwati mupya mu ugonjwa ule ule.

2. Bwati otomatiki inafanya nini ndani

Ili kuelewa juu ya nini moto unaua, tuangalie ndani kidogo.

Mu gari ya mukono, kati ya motere na bwati kuna ambreyaji: diski inayokamatana kavu na volani ya motere (si ile volani ya kuongozea, ni gurudumu zito la chuma nyuma ya motere). Ukikanyaga pedali, zinaachana. Ukiachilia, zinashikana. Basi.

Mu gari ya otomatiki, hakuna pedali ile. Pahali pake kuna konvertisere. Fikiria kibuyu kimepasuliwa nusu mbili, zinaangaliana, ndani ya kila nusu kuna mapanga madogo kama ya pangaboi, na kibuyu chote kimejaa mafuta. Nusu moja inazungushwa na motere. Inatupa mafuta kwa nguvu juu ya nusu ya pili, na mafuta ndiyo yanazungusha ile ya pili inayoingia mu bwati. Chuma haigusi chuma. Ndiyo maana unaweza kusimama na D, motere inazunguka, gari inangoja.

Lakini kila wakati nusu moja inazunguka mbio kuliko ingine, tofauti ile haipotei bure: inakuwa moto mu mafuta. Ukienda mbio sawasawa ku njia nzuri, kuna diski ndogo ndani ya konvertisere inayofunga nusu zote mbili pamoja, na moto unapungua sana. Ukienda polepole na muzigo muzito, diski ile haifungi. Kilomita 10 kwa saa mu matope ya Nyangwe, na gunia 22: kila kitu kinateleza, kila kitu kinapika mafuta.

Nyuma ya konvertisere kuna vitesi. Hapa pia mafuta ndiyo yanafanya kazi. Pompi inayasukuma, yanabana mafungu ya diski, na fungu linalobanwa ndilo linachagua vitesi. Kwa hiyo mafuta yale yana kazi tatu pamoja: kusukuma, kubana, kulainisha. Yakiharibika, hakuna kitu kinabaki kizima.

Bwati ya Surf yetu ni ya familia ya A340, inayotengenezwa na Aisin, kampuni ndugu ya Toyota. Vitesi nne mbele. Ya tatu ni moja kwa moja. Ya nne ni ya kupumzisha motere: ku A340 yenyewe motere ikizunguka mara 705, kardani inazunguka mara 1 000. Na hapa ndipo mudogo wetu wa Lubumbashi anakutana na sisi: bwati otomatiki ya Mark II yake ya turbo ni ya familia hii hii. Toyota Supra ya miaka ya 1993 mupaka 2002, ile vijana wanaweka picha ku simu, nayo ya otomatiki ilitoka na A340E. Gari ya mbio ya muji na gari ya muchele ya Nyangwe, bwati zao ni ndugu. Na kinachoziua ni kimoja.

3. Moto, na dalili zake

Mafuta ya bwati yanapenda joto ya karibu digri 80 mupaka 95. Kupita 120, yanaanza kuungua, yanaacha ulami mwembamba juu ya chuma. Ukizidi kupanda, mipira ya ndani inakauka inakuwa migumu, inavuja, mukandamizo unashuka. Mukandamizo ukishuka, diski zinateleza. Zikiteleza zinafanya moto zaidi. Ni muviringo: moto unaleta kuteleza, kuteleza kunaleta moto. Ndiyo maana bwati inaweza kuwa nzima miaka ishirini, kiisha ikafa mu wiki moja.

Kabla ya kununua kipande chochote, fanya haya manne. Hayaombi feza.

Moja, angalia mafuta. Motere iwe ya moto na inazunguka, gari isimame pahali sawa, mutu akanyage breki apitishe kijiti cha vitesi pahali pote polepole, arudishe ku P. Kiisha utoe kijiti cha kupimia, upanguse, urudishe, utoe tena. Weka tone moja juu ya karatasi nyeupe. Nyekundu safi: vizuri. Kahawia na harufu ya kuungua: diski zimeanza kuisha. Rangi ya pinki kama maziwa: maji ya radiatere yameingia mu mafuta, kipoza-mafuta kimetoboka ndani. Hapo simamisha gari siku ile ile, juu maji yanabandua kitambaa cha diski.

Mbili, fuata zile tiyo mbili kwa mukono, kutoka ku bwati mupaka mwisho. Zinaenda wapi? Zinafika kweli mu kipoza-mafuta? Zimebanwa? Sisi hatukufanya hivi, na ilikuwa kazi ya dakika tano.

Tatu, angalia kamba ya chuma inayotoka ku pedali ya mafuta kwenda ku bwati. Bwati nyingi za familia hii ziko nayo. Kamba ile inaambia bwati unakanyaga namna gani, ili iongeze mukandamizo. Ikilegea, unakanyaga sana na bwati inabana kidogo, diski zinaungua hata kama kipoza-mafuta ni kizima.

Ine, uliza mafuta gani yaliwekwa. Bwati zingine zinaomba Dexron, zingine T-IV. Kitabu cha gari ao maandishi ya ku kijiti yanasema. Nimeona mu soko mutu anaweka mafuta yoyote mekundu, anasema «yote ni moja». Si moja.

Kama moja ya haya manne ndiyo chanzo, kitengeneze kwanza. Pengine bwati bado ina maisha. Kama imekufa, angalau ile itakayokuja haitakufa na ugonjwa wa dada yake.

4. Njia ya kwanza: kuibakisha otomatiki na kuiongezea nguvu

Njia hii ni nzuri kwa mutu aliye pahali penye vipande na fundi anayeijua. Kazi zinafuatana hivi, kutoka ya lazima mupaka ya anasa.

Ya kwanza ni kipoza-mafuta cha inje. Ni kama radiatere ndogo, unaifunga mbele ya ile kubwa pale upepo unapita. Mafuta yanapita mu kipoza cha ndani, kiisha mu hiki cha inje, ndipo yanarudi. Kwetu kingetugharimu karibu dola 60 na kazi yake. Linganisha na 700.

Ya pili ni kufungua bwati na kuweka diski mupya na mipira mupya yote. Bwati ya okazio «nzima» kutoka Sharjah ao Dubai ina miaka sawa na yako. Mipira yake imezeeka sawa na yako. Kununua okazio ni kununua umri ule ule bila kujua historia.

Ya tatu ni kugusa ile sahani ya mifereji inayogawa mafuta ndani ya bwati, kubadilisha resori na mivungu yake, ili vitesi viingie haraka na kwa kubana zaidi. Kwa gari ya mbio hii ina faida: muda wa kuteleza kati ya vitesi mbili unapungua, na moto unapungua. Utasikia gari inakugonga kidogo mugongoni. Ni kawaida. Lakini asiyejua asiguse, juu kipande kimoja kikirudishwa vibaya, vitesi viwili vinaweza kubana pamoja.

Ya ine, kwa wenye motere iliyoongezewa nguvu kupita farasi za kiwandani, ni konvertisere ngumu zaidi. Kwa mudogo wetu mwenye motere ya kiwanda, hii ingoje.

Na kuna mambo ya shofere yasiyoomba feza. Ukipanda kilima na muzigo, zima vitesi ya ine na kale kabutoni ka O/D ku kijiti. Bwati haitakuwa inaruka tatu-ine, tatu-ine. Mu matope na gari ya 4x4, ingiza 4L: magurudumu yanapata nguvu bila konvertisere kuteleza sana. Na gari ya otomatiki ikiharibika, usiivute mbali magurudumu yakiwa chini. Pompi ya mafuta inazungushwa na motere. Motere ikizimika, bwati inazunguka kavu.

5. Njia ya pili: kuitoa na kuweka ya mukono

Hii ndiyo tulichagua mwisho, baada ya fundi muzee kutuambia: «Hapa kwetu, bwati tunayoweza kutengeneza ni ile tunayoweza kufungua.» Tulitafuta R151F, ya vitesi tano, iliyotoka mu gari yenye motere 1KZ kama yetu. Ilipatikana ku Lubumbashi, ikapanda treni mupaka Samba, ikavuka Lualaba mu mutumbwi, ikafika Kasongo imefungwa juu ya pikipiki kama mubuzi. Na tena kuna undugu: Mark II ya turbo iliyotoka kiwandani na bwati ya mukono iko na R154, dada ya R151F, vitesi tano. Vijana wa Japani wanaitafuta sana, na bei yake inaonyesha.

Watu wanafikiri kubadilisha ni kutoa bwati moja na kuweka ingine. Hapana. Hii ndiyo orodha, na ninaomba muishike, juu kila kitu unachosahau kinakuja na safari yake:

– bwati yenyewe pamoja na kengele yake ya mbele inayolingana na motere yako, si motere «inayofanana»;
– volani ya motere, juu otomatiki haina volani nzito, iko na sahani nyembamba tu;
– diski, kifuniko cha ambreyaji na rulema yake;
– ile rulema ndogo inayoingia nyuma ya motere, ku ncha ya mushipi mukubwa, kushika pua ya bwati;
– pedali ya ambreyaji, pedali fupi ya breki, pompi ya juu na pompi ya chini ya ambreyaji, na tiyo yake;
– chuma kinachobeba bwati chini ya gari, mara nyingi si kimoja kwa zote mbili;
– kardani, urefu unaweza kutofautiana;
– kwa 4x4, bwati ya transferi inayolingana.

Ile rulema ndogo, kitu kidogo kama pete, hatukuiandika ku orodha. Gari ilikaa juu ya mawe siku 11 ikiingoja.

Kiisha kuna umeme. Otomatiki iko na swichi inayokataza demarere kufanya kazi kama haujaweka P ao N. Ukitoa bwati, swichi inaenda nayo, na gari haitawaka mupaka fundi aunganishe zile waya mbili. Lakini elewa maana yake: toka siku hiyo, gari itawaka hata ikiwa mu vitesi, na itaruka. Weka pedali ya ambreyaji chini kila mara, na ufundishe kila mutu anayeendesha. Kuna pia taa ya kurudi nyuma, kaptere ya mwendo, na kompyuta ya motere. Kompyuta ya gari ya otomatiki inatafuta bwati yake. Isipoiona inaweza kuwasha taa ya kosa, na magari mengine yanapunguza nguvu. Kwa Mark II ya 1JZ ni vizuri kupata kompyuta ya gari ya mukono pamoja na bwati.

Mwisho, ponti. Gari za otomatiki na za mukono mara nyingi hazina meno sawa mu ponti ya nyuma. Hesabu kabla. Na mu 4x4, ponti ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja, la sivyo zitapigana mupaka kitu kivunjike.

Yote pamoja, na usafiri, tulitoa dola 1 150. Ni feza nyingi. Lakini sasa bateri ikiisha, watoto wanasukuma na gari inawaka. Otomatiki haiwezi hivyo. Ambreyaji ikiisha, diski inaletwa na mutu mu kifuko. Na moto wa mu matope unaisha ku diski ya dola chache, hauingii mu bwati yote.

Usidanganyike lakini: ya mukono nayo inakufa. Shofere anayepumzisha muguu juu ya pedali ya ambreyaji ataiunguza mu mwezi mumoja.

6. Basi, mudogo wangu achague nini?

Sitamuchagulia, lakini nitamupa mizani.

Pale Lubumbashi magari ya Japani yanaingia kila siku kupitia Tanzania, Zambia na Kasumbalesa. Vipande vipo, barabara ya lami ipo, na mafundi walioshika bwati otomatiki mikononi wapo. Mu muji wa kusimama-na-kwenda, otomatiki iliyofunguliwa vizuri, yenye diski mupya na kipoza-mafuta cha inje, inaweza kubeba motere ya kiwanda bila shida. Kwa bei ya R154 nzima na orodha yake yote, anaweza kuitengeneza ile aliyonayo na akabakiza minervale.

Pale Nyangwe, mizani inageuka. Fundi wa otomatiki yuko mbali, vipande viko mbali zaidi, mwendo ni wa polepole, muzigo ni muzito. Ya mukono ndiyo inayopatana na mikono tuliyo nayo. Mutu wa Kabambare asiige mutu wa Lubumbashi, na wa Lubumbashi asiige sisi.

Lakini kwa wote wawili, kuchagua bwati kunakuja nyuma ya swali la fundi muzee: mafuta yanapoa wapi? Mutu aliye na jibu anaweza kuchagua bwati yoyote. Asiye na jibu atanunua mbili, kama sisi.

Nilimwambia mudogo aanze na karatasi nyeupe. Jioni ile alinitumia picha: tone la kahawia, halina maziwa, lakini rangi imeingia giza. Alifuata tiyo mupaka mu radiatere, ni nzima. Kamba ya ku pedali bado hajaiangalia. Ninamungoja, na nimemukataza kuweka dola hata moja juu ya meza ya mutu kabla hajaiangalia.

Kwa wale watakaouliza: mama saba tuliwalipa gunia zao. Ilichukua misimu miwili, na mimi na vijana wenzangu wane hatukugawana faida hata franga moja wakati ule. Shofere wetu ndiye sasa anasema kwanza kila kitu kinapoharibika, kabla ya mwenye diplome. Kile kipande cha mupira nilikitundika ku musumari juu ya meza yangu ya kazi. Walimaji wakiuliza ni nini, ninawaambia ni mozaiki ya gari.

Mukinunua gari ya okazio, laleni chini yake kwanza.